Simu Iliyotaja Jina la Baba Mkwe

Simu aliyoniletea mjukuu wangu ilikuwa inanisahau. Leo naiambia nataka Kiswahili na maandishi makubwa, kesho naiwasha imerudi kwenye Kiingereza na herufi kama mayai ya chawa. Siku ya tatu nikamwita.

"Mashine yako haina adabu. Nimeiambia jambo lile lile mara tatu."

"Bibi, labda hukubonyeza Hifadhi."

"Nimebonyeza."

"Ulibonyeza wapi?"

"Palipoandikwa. Darasa la nne nilimaliza, binti. Neno moja halinishindi."

Akaichukua, akakaa nayo kwenye kigoda nje ya nyumba, akafungua na ile kompyuta yake ya kukunja. Mimi nikaendelea kusafisha vibuyu vya maziwa. Baada ya muda akaja.

"Bibi, ni kosa langu. Programu inashika maneno yako ikiwa imefunguliwa tu. Sikuiamuru iyaandike ndani ya simu. Ukiifunga yanapotea."

Nilimpenda kwa hilo. Kuna vijana wangesema mtandao ni mbaya, au bibi ana vidole vikubwa. Yeye alisema ni kosa lake, akarekebisha siku hiyo hiyo. Kesho yake nikawasha simu, herufi kubwa, Kiswahili, na sauti ya spika imepanda juu kabisa kama nilivyoiweka, maana sikio langu la kushoto halisikii vizuri.

Ni mtoto wa mwanangu wa mwisho. Alizaliwa Babati, mkoa wetu ukiwa umeshakatwa kutoka Arusha na Babati imejaa maofisi, na baba yake amepata kazi ya udereva huko. Alisomea mambo ya kompyuta Arusha. Alipomaliza akapata nafasi ya majaribio kwenye ofisi ndogo ya watu wanaotengeneza programu za simu. Kazi waliyompa ilikuwa kutengeneza programu ya kukumbusha chanjo za ndama. Mkubwa wake alimwambia wazi: tafuta kikundi kimoja cha akina mama wafugaji, wakiikubali unaajiriwa na programu inaenda vijiji vingine mpaka Yaeda Chini, wakiikataa, tunaagana.

Angeweza kuipeleka Tumati, kule milimani nilikozaliwa mimi, kwa wakulima wa kwenye baridi, watu wa kanisa wasio na masharti mengi. Akaileta huku Basotu, uwandani, kwa watu wa ng'ombe, kwa sababu mimi nipo. Aliniambia mwenyewe. "Bibi, wewe ukiiweza, wote wataiweza."

"Kwa hiyo mimi ndiye kipimo cha ujinga?"

"Hapana, Bibi! Kipimo cha ukali."

Tukacheka. Akina mama aliwataka kwa sababu ndama ni kazi yetu. Mwanamume huku anajua kundi lake lote kwa rangi na pembe, lakini ndama aliyekataa kunyonya asubuhi anajulikana na mwanamke aliyemfungua.

Sasa niseme jambo ambalo mjukuu wangu hakulijua, na mimi nilidhani analijua.

Mimi nililetwa kwenye boma hili nikiwa msichana. Mama mkwe wangu alinikalisha siku ya kwanza, kabla hajanionyesha hata kisima, akaniambia mwanamke aliyeolewa hapa hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji mzee akiwa hai, halitaji akifa. Na maneno yanayolikaribia jina hilo hayatamki, anatumia mengine. Akanifundisha hayo mengine moja baada ya moja, kwa lugha yao ambayo nilikuwa bado naivunja vunja. Kwa neno hili utasema hili. Kwa lile utasema lile. Mke wa boma la jirani alikuwa na maneno yake tofauti, maana baba mkwe wake alikuwa mwingine. Kila mwanamke anatembea na orodha yake kichwani, na hakuna anayemwekea.

Waliozaliwa huku wameyasikia kwa mama zao tangu utotoni. Mimi niliyetoka milimani niliyasoma kama katekisimu. Walinicheka nilipokosea mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hawakupata cha kucheka. Miaka yote hiyo, mashamba makubwa ya ngano yakija na kula malisho yetu, serikali ikiyaacha na kuyagawa upya, watoto wakizaliwa na wengine nikiwazika, jina hilo halijatoka kinywani mwangu. Nasema hivi nikijua kwamba ni kujisifu. Acha niwe nimejisifu.

Jina hilo ndilo la ukoo la mjukuu wangu. Analo kwenye cheti. Siku ya mahafali yake Arusha, mwalimu aliyaita majina yake matatu kwenye kipaza sauti, na lilipofika la tatu mimi niliinamisha kichwa. Mwanangu akanipa leso akidhani nalia. Sikuwa nalia wakati huo. Nililia baadaye, kwenye basi.

Basi, kwenye ile programu kulikuwa na ukurasa wa mipangilio, na mstari wa mwisho uliuliza: Jina la boma. Boma kwetu linaitwa kwa jina la mzee wake. Nikajiuliza huyu mtoto anataka niandike nini? Nikaandika "Kwetu". Nikabonyeza Hifadhi. Simu ikaniambia kwa sauti ya kike, "Karibu, mama wa boma la Kwetu." Nikaona imekaa vizuri. Sikumweleza mjukuu kwa nini nimeandika hivyo, naye hakuniuliza. Hapo ndipo tulipokosea wote wawili.

Siku ya kuionyesha kwa kikundi ikafika. Tulikutana kwenye josho, siku ya kuogesha ng'ombe, kwa sababu siku hiyo akina mama wote wa kikundi chetu cha maziwa huwa pale. Tulikuwa kumi na mbili. Mwenyekiti wetu ni mama mmoja mrefu, mke mkubwa wa boma la ng'ambo ya ziwa, mwanamke asiyecheka mpaka awe na sababu. Mjukuu wangu akawasalimu mmoja mmoja, "Shikamoo, mama. Shikamoo, bibi," na walimwitikia vizuri. Alikuwa amevaa sketi ndefu. Nilimwambia avae hiyo.

Asubuhi ile alikuwa ameweka toleo jipya kwenye simu zote kumi na mbili alizopewa na ofisi awaletee akina mama, yangu ikiwemo. Alisema ameipanga vizuri zaidi kwa ndani. Zile simu nyingine hakuna aliyekuwa ameandika chochote kwenye mipangilio, na yeye, kwa kutaka kuwarahisishia, alikuwa amechukua orodha ya maboma kwa afisa mifugo akaiingiza ndani. Mama asipoandika jina la boma, programu itachukua la boma lake lililoko kwenye orodha. Aliona anawasaidia.

Akaniambia, "Bibi, anza wewe, waone."

Nikasimama mbele yao. Nikawasha. Spika ikiwa juu kabisa, ile sauti ya kike ikatamka, "Karibu, mama wa boma la—" ikalitaja. Jina lote, na la baba yake juu.

Ng'ombe walikuwa wanalia kwenye josho lakini kila mtu alisikia. Nilisimama na simu mkononi kama mtu aliyeshika kaa la moto asijue pa kulitupa. Kabla sijaizima, mke mdogo mmoja aliyeolewa mwaka ule, aliyekuwa amenifuatisha kwenye simu yake, naye ya kwake ikamtaja baba mkwe wake, na mzee huyo yuko hai, amesimama upande wa pili wa josho na fimbo. Yule binti akaiingiza simu ndani ya shuka lake akaikalia. Ikaendelea kusema chini yake, chanjo ya ugonjwa wa chambavu, ndama wawili.

Wengine wakaweka simu chini kwenye vumbi bila kuziwasha. Mwenyekiti akanigeukia.

"Mama, umezeeka sasa unatukana wakwe hadharani?"

"Sikutamka mimi."

"Iko mkononi mwa nani?"

Mwingine akadakia, "Tulisema huyu wa milimani siku moja litamtoka."

Hilo liliniuma kuliko lote. Miaka yote ile, na bado mimi ni wa milimani.

Mjukuu wangu alikuwa anatutazama huyu na huyu. "Samahani, akina mama, sijaelewa. Imekosea jina?"

"Haijakosea," mwenyekiti akasema. "Mpelekee mkubwa wako mashine yake. Au wape wanaume, wao hawana shida kutajana."

Wakaanza kuinuka. Nikasema, "Mwenyekiti, keti." Sikusema kwa kuomba. Mimi ni mkubwa kwake kwa umri, akasimama akinisikiliza. "Huyu mtoto hajaolewa na hakulelewa huku. Kosa la kutomfundisha ni langu. Mpe mpaka josho lijalo."

Akamtazama mjukuu wangu kuanzia miguuni. "Josho lijalo. Ikitaja tena, tusiione tena hapa, na wewe tusikuone na simu."

Nilipotoka hapo nilipitia kwa shemeji yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa marehemu baba mkwe wangu, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ile sauti ya simu ilikuwa ya mwanamke aliyeolewa. Nikasema sijui. Akasema, "Basi huenda hana kosa." Akanipa maziwa nikanywa.

Nyumbani nilimkuta mjukuu amekaa, simu mkononi, anatafuta namba ya mkubwa wake.

"Unampigia kumwambia nini?"

"Kwamba wamekataa, Bibi."

"Wamekataa lini? Wamesema josho lijalo. Weka simu chini."

Akaiweka. Nikamweleza yote, kama nilivyoelezwa mimi. Alisikiliza, machozi yakamtoka, akasema, "Bibi, mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Uliona nimeandika Kwetu. Hukujiuliza bibi yako amesahau boma lake linavyoitwa?"

Nikamwambia anielezee sasa yeye, polepole, kwa nini simu iliacha neno langu ikachukua lile. Kwa sababu neno nililiandika, na kesho yake na kesho kutwa ililikumbuka.

Akachukua vibuyu vyangu vinne akavipanga. "Bibi, ndani ya simu kuna kama hivi. Kila kibuyu kina alama nje na kitu ndani. Kimoja kina alama ya lugha, ndani kuna Kiswahili. Kimoja alama ya herufi, ndani kuna kubwa. Programu haikumbuki chochote. Inaita alama tu, inapewa kilichomo."

"Haya."

"Neno lako Kwetu lilikuwa kwenye kibuyu chenye alama ya jina. Jana kwenye toleo jipya nikaona alama hiyo haieleweki, nikaibadilisha, nikaiita boma. Asubuhi programu ikaita boma. Hakuna kibuyu cha alama hiyo."

"Kwetu iko wapi?"

"Ipo. Iko humo humo kwenye simu, kwenye kibuyu cha zamani. Hakuna anayekiita tu."

"Na isipopata kibuyu?"

"Inatoa kile nilichosema itoe kama hakuna kitu."

"Ulisema itoe nini?"

Sauti yake ikashuka. "Jina lililoko kwenye orodha ya afisa mifugo."

"Basi aliyelitaja ni wewe, si simu."

"Ndiyo, Bibi."

Kisha nikamwambia habari ya kuhama kwetu. Mashamba ya ngano yalipotusogeza, tulihamisha boma zima kwa siku moja. Watu walifunga mizigo, ng'ombe wakatangulia, na mimi nilirudi peke yangu nikaingia kila kibanda, nikapapasa kila kona. Nilitoka na ndama mmoja aliyezaliwa asubuhi ile, amelala nyuma ya kuni, hakuna aliyemjua. "Wewe," nikamwambia, "ulihama bila kupapasa kona."

Akafuta uso, akafungua kompyuta. "Nitaifanya iangalie kwanza kwenye alama ya zamani. Ikikuta kitu, ikihamishe. Halafu alama mpya nitaifanya namba tu badala ya neno, nisije nikaibadilisha tena."

"Na kama hakuna kitu popote?"

Akafikiri. "Isiseme jina lolote. Iseme Karibu, mama. Basi."

"Sasa unasema kama mtu wa hapa."

Nilichojifunza siku zile ni kwamba mtoto huyu hachoki. Alitaka nimpe mimi majina ya kuweka kwa akina mama wote, nikakataa. Kila mwanamke ana orodha yake. Mke wa mtoto na mke wa mjukuu wanakaa boma moja na hawana mwiko mmoja. Nikamwambia tutatembea. Tukatembea boma kwa boma, mimi na fimbo yangu, yeye na begi. Mbwa walitufukuza mahali pawili. Kila nyumba alisalimu, akakaa chini, akauliza, "Mama, unataka simu iite kwenu nini?" na akangoja. Huko kungoja ndiko nilikokuwa nakutazama. Wa mjini wengi hawajui kungoja, wanakujazia neno mdomoni. Yeye alikaa kimya mpaka mama amalize kufikiri, hata kama ni kunywa chai nzima. Wengine walisema kwa Mtoni, kwa Mikwaju, kwa Mawe Meupe. Yule mke mdogo alikataa kusema chochote, akasema liachwe tupu. Mwenyekiti hakutupokea. Alisema ataongea josho.

Josho likafika. Wakaja kumi na moja. Mmoja alikuwa na mgonjwa. Mwenyekiti akaenda moja kwa moja kwa mjukuu wangu, akanyoosha mkono. "Lete yangu. Iko tupu?"

"Iko tupu, mama. Hukuniambia niandike nini."

"Vizuri."

Akaiwasha mwenyewe, akaishikilia mbali na mwili wake kama nyoka. Wote tukasogea. Nilikuwa nimebana meno mpaka taya linauma. Sauti ikasema, "Karibu, mama." Ikanyamaza. Tukangoja. Haikuongeza.

"Hm," akasema. Akaizima, akaiwasha. "Karibu, mama." Akaandika neno, kidole kimoja kimoja, bila kutuonyesha. Akaifunga. Akafungua mgongo wa simu akatoa betri, akaiweka betri kwenye ukuta wa josho, na simu akaiweka kwenye ukuta mwingine, akaenda kuhesabu ng'ombe wake wakiingia majini. Alikaa huko mpaka wa mwisho akatoka anadondosha dawa. Mjukuu wangu hakumfuata, hakumwambia lolote. Alisimama mikono imeshikana mbele. Mimi nilitaka kwenda kuirudisha betri mwenyewe.

Akarudi, akarudisha betri, akaiwasha.

"Karibu, mama wa boma la Asiyenunua Chumvi."

Hatukuelewa mara moja. Kisha mmoja akamtazama mume wa mwenyekiti, pale alipokuwa akifukuza fahali, mzee anayejulikana uwanda mzima kwa ubahili wa chumvi ya ng'ombe, na kicheko kikaanza. Kikazunguka. Mwenyekiti mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta.

"Haisahau!" akasema. "Kesho nitamwashia akiwa anakula."

"Atakufukuza!"

"Anifukuze na simu yangu."

Na yule mke mdogo akaivuta simu yake kutoka ndani ya shuka, akaiwasha kwa hofu, ikamwambia, "Karibu, mama," akatikisa kichwa, akamsogelea mjukuu wangu akamnong'oneza neno la kuandika. Sijui ni lipi. Si langu kulijua.

Mwenyekiti akakusanya wengine kwa macho, akasema, "Tunazichukua. Kila mtu na yake. Na huyu mtoto, aje kwangu kesho anywe maziwa."

Mjukuu akampigia mkubwa wake pale pale, amesimama kwenye tope la josho. Alimweleza kwamba wamekubali, wote. Nilisikia sauti ya mkubwa ikifurahi. Kisha akamwambia kwamba ile orodha ya majina ya wazee lazima itolewe kwenye programu kabla haijaenda kijiji kingine chochote, isibaki hata kama akiba. Mkubwa akasema kitu. Nadhani alisema ni kazi kubwa, au wataangalia baadaye.

"Hapana, mkubwa," mjukuu wangu akasema. Hakupandisha sauti. "Si baadaye. Ikibaki, mimi siipeleki Yaeda. Tafuta mwingine wa kuipeleka."

Mkubwa akaongea. Yeye akasikiliza, uso haujabadilika, kama anavyosikiliza mtu asiyekusudia kurudi nyuma hata hatua moja. Nilikuwa karibu kusema, mtoto, hiyo ni kazi yako ya kwanza, usiipoteze kwa maneno. Nikaufunga mdomo.

"Ahsante," akasema mwishoni. "Nitaitoa mimi mwenyewe leo. Jumatatu nakuja kusaini."

Akaweka simu kwenye begi, akakunja sketi isiguse tope, akaenda kwa akina mama waliokuwa wanamwita wote kwa pamoja, kila mmoja anataka herufi zake ziwe kubwa zaidi.